Upana wa Kichochoro cha Bi Mwana

Kirit alirudi Dar mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, tukakutana kwenye mkahawa mmoja pale Mchafukoge, mtaa uleule tuliofanyia kazi ujanani. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Sura imeshakuwa ya mzee, na yangu pia, wala hatukupotezeana muda kwa kusifiana kwamba hatujabadilika. Tuliagiza chai ya maziwa na kachori. Nilitegemea tuzungumze habari za wajukuu, sukari na shinikizo la damu, mambo ambayo watu wa umri wetu wanayamudu vizuri, lakini chai haijapoa tulikuwa tumeshaanza kubishana juu ya swali lile la zamani: ukiipa kompyuta umbo lenye eneo, kisha ukaiambia iondoe mstari uliopita katikati ya umbo hilo, inapaswa ikurudishie nini? Yeye alisema inarudisha umbo lilelile na iko sahihi kabisa. Mimi nilisema iko sahihi na haifai. Mhudumu aliyeleta sukari alitutazama kama watu wanaogombea urithi, akaiweka chini taratibu na kuondoka.

Mwaka ninaotaka kuuandika ulikuwa katika miaka ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla. Sabuni zilizokuwa zikitafutwa kwa kujuana zilipangwa barazani hadi zikafifia kwa jua, na kila mwenye nyumba ya udongo Kariakoo alitembelewa na mtu mwenye briefkesi aliyetaka kujua kama anauza. Nyumba za chini zilikuwa zinakuwa ghorofa. Ndiyo maana ukaanzishwa ule mradi wa kuingiza ramani za katikati ya jiji kwenye kompyuta, na mimi, niliyekuwa nimemaliza tu chuo cha upimaji, nikapata kazi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri vya baiskeli, chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Upande mmoja alikaa Bwana Mhina, mpima ardhi mkuu, pamoja na simu. Upande wa pili tulikaa sisi pamoja na kiyoyozi, ambacho hakikuletwa kwa ajili yetu bali kwa ajili ya mashine. Watu wa ofisi za jirani walikuja kutusalimia mchana bila sababu yoyote, wakasimama mbele ya kile kiyoyozi, wakauliza hali, wakaondoka wamepoa. Kwa kuwa ukuta haukufika juu, kila alichokisema Bwana Mhina kwenye simu tulikisikia, na yeye alijua tunasikia, na mambo ya siri aliyazungumzia ngazini.

Kazi yangu ilikuwa kutandaza karatasi za ramani za zamani juu ya meza maalumu na kupitisha juu yake kidude chenye kioo na alama ya msalaba, nikibonyeza kila kona. Kila nilichobonyeza kilitakiwa kiwe kimoja kati ya vitu vitatu: nukta, mstari au eneo. Bomba la kuchotea maji mtaani lilikuwa nukta. Mfereji ulikuwa mstari. Kiwanja kilikuwa eneo. Inasikika rahisi, na ingekuwa rahisi kama dunia ingekuwa imechorwa na mtu mmoja kwa kalamu moja. Lakini karatasi zile zilichorwa na watu wengi, wengine wakiwa wameshakufa, na mara nyingi kitu kilikuwa mstari kwa sababu tu nafasi haikutosha kuchora viwili. Vichochoro, kwa mfano. Katika kipimo cha karatasi ile, kingo mbili za kichochoro zingegusana na kuwa doa la wino, kwa hiyo mchoraji alipitisha mstari mmoja akaendelea na maisha yake. Bwana Mhina alikuwa na sheria fupi: kilicho mstari kwenye karatasi kiwe mstari kwenye mashine. Hatukuajiriwa kubuni, alisema. Hata leo siwezi kumlaumu. Mpima anayebuni ni hatari kuliko mpima mvivu.

Aliyeielewa mashine kwa ndani alikuwa Kirit. Baba yake, Mzee Ratilal, alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, na ungetegemea mtoto awe nyuma ya kaunta akipima kanga, lakini Kirit alikuwa amesomea kompyuta na aliongea nazo kwa upole kuliko alivyoongea na watu. Mchana tulikwenda kula kwa Bi Mwana, mjane aliyekuwa akielekea uzeeni, aliyepika uani kwake, nyuma kabisa ya maduka. Ili kufika kwake ulipita kichochoro kilichokuwa kati ya duka la Mzee Ratilal na nyumba ya jirani yake. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba kiasi kwamba ofisi nzima iliingia kwa kufuatana, Bwana Mhina mbele, na ukikutana na mtu anatoka ilibidi mmoja arudi kinyumenyume huku mkiombana radhi. Uani kulikuwa na mkeka, kitanda cha kamba kilichoanikiwa pilipili, na moshi. Bi Mwana alipika samaki wa nazi, na pembeni alikuwa na sufuria ndogo ya maharage ambayo haikuguswa na mwiko wa samaki, kwa sababu Kirit hakula chochote kilichowahi kuwa na macho. Sufuria hiyo iliitwa ya Kirit hata siku ambazo Kirit hakuja. Nilipata kuwaona watu wakiheshimiana kwa hotuba ndefu, lakini ile sufuria ilinigusa zaidi.

Ni kwenye mkeka ule Kirit alinifundisha hesabu ya maumbo. Alichukua chapati mbili akazilaza moja imepanda kidogo juu ya nyingine. Makutano yake, alisema, ni pale zilipopandana, na hapo panakulika, ni chapati. Akazisogeza hadi zikagusana ubavu kwa ubavu. Sasa zinakutana kwenye mstari, na mstari hauliwi. Akazigeuza zikagusana kwa ncha tu: nukta. Kwa hiyo, alisema, vitu viwili vya daraja moja vinaweza kukutana na kuzaa kitu cha daraja la chini, na hapo ndipo mashine zinapopata taabu, kwa sababu umeiomba maeneo na jibu la kweli ni mstari. Mashine nyingine hukupa mfuko wenye kila kitu, eneo, mstari na nukta, ukachambue mwenyewe. Mashine yetu ilikuwa na tabia nyingine. Ukiiomba maeneo, ilibakiza maeneo na kuyadondosha yaliyosalia kimyakimya. Kisha akalaza uzi wa nguo juu ya chapati nzima. Ukitoa uzi kwenye chapati, aliniuliza, unabaki na nini? Na ukiunganisha uzi na chapati? Katika hali zote mbili unabaki na chapati ileile. Mstari hauna upana. Ukiutoa haupunguzi, ukiuongeza haunenepeshi, unamezwa tu. Bi Mwana alimwambia aache kuchezea chakula, na Kirit akala ushahidi wake wote kwa maharage.

Miezi kadhaa baadaye tulisikia kupitia juu ya mbao sauti ya mtu mgeni akizungumza na Bwana Mhina. Alikuwa kijana mfanyabiashara aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dubai. Alishanunua ile nyumba ya jirani wa Mzee Ratilal na sasa alikuwa anakamilisha kununua duka la Mzee Ratilal mwenyewe, ili aunganishe viwanja viwili na kujenga ghorofa lenye stoo chini, kutoka ukuta hadi ukuta. Hayo ya duka kuuzwa niliyajua, maana Kirit alikuwa ameniambia: wazazi wake walikuwa wanahamia kwa ndugu zao Uingereza, na safari ilitegemea mauzo yale. Jipya lilikuwa ramani. Mnunuzi alitaka ramani ya kiwanja kilichounganishwa ili aombe kibali cha ujenzi, na akapewa. Ilikuwa miongoni mwa ramani za kwanza kutoka kwenye mashine, na Bwana Mhina alibandika nakala ukutani kwa fahari. Niliisogelea kama mtu anavyotafuta nyumba yao kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Nilitafuta mahali ninapokula. Kiwanja cha Bi Mwana kilikuwepo, safi, kona zake zote nilizibonyeza mimi. Mbele yake kulikuwa na kiwanja kimoja kikubwa kisicho na mwanya. Kichochoro hakikuwepo.

Nilimwita Kirit, akatazama, na niliona anaelewa haraka kuliko alivyotaka. Kwenye karatasi, kichochoro kilikuwa mstari, na mstari huo ndio uliokuwa mpaka wa viwanja viwili vya mbele. Vilipokuwa vya watu wawili, kichochoro kilikuwa makutano yao. Vilipounganishwa, mpaka ulimezwa, na kichochoro ndani yake. Tulijaribu kuuchora mstari upya na kuutoa kwenye kiwanja kipya, na mashine ikafikiri, ikaturudishia kiwanja kilekile bila kupungua. Tulikuwa ofisi nzima ya wapimaji, na kila mchana tulipitisha mabega yetu kwenye kitu ambacho tulikuwa tumekiandika kwamba hakina upana, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mchana tulikuwa na njaa na asubuhi tulikuwa na sheria. Nilimuuliza Kirit kama mashine haiwezi kuunenepesha ule mstari. Alisema inaweza, kwa kiasi chochote utakachoitajia. Tatizo ni nani ataje, na eneo litoke kwa nani. Kwa mnunuzi lisingetoka, alishapatana bei ya ukuta hadi ukuta. Lingetoka kwa baba yake, ambaye bado hakuwa ametia saini.

Siku hiyo Kirit alipomaliza kula alimweleza Bi Mwana yote, sahani ikiwa bado mkononi. Mimi sikutegemea. Nilidhani atasubiri wazazi wake wapande ndege. Bi Mwana alimsikiliza, akauliza tu kama mlango mwingine ungeweza kufunguliwa kwingine, na sote tulijua hapana, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ukuta wa godauni la mwingine na pande zote mbili zilishazibwa. Alisema ahsante mwanangu, akachukua sahani. Keshoye alipanda ngazi za ofisi yetu kwa mara ya kwanza, amevaa buibui lake la kutokea, akakaa upande wa Bwana Mhina. Hatukusikia maneno yake kwa sababu aliongea chini sana. Tulimsikia Bwana Mhina akisema kwamba hawezi kubuni upana, lakini anaweza kuwaita wahusika wasimame kwenye mpaka waonyeshane, kama ilivyofanyika zamani kabla ya mashine.

Tulisimama kichochoroni asubuhi ya siku iliyofuata, kama hiyo inaweza kuitwa kusimama. Kirit alikuwa na futi ya kamba, mimi na ubao wa kuandikia. Mzee Ratilal alikuja na shati lake jeupe na chaki ya mafundi cherehani mfukoni, kama siku zote. Mnunuzi alikuja na funguo za gari mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ramani iliyopigwa muhuri, na ramani ilisema hapa hakuna njia, na yeye aliiamini kuliko sisi tulioitengeneza. Bwana Mhina alimwomba Bi Mwana ataje nafasi anayohitaji.

"Mtu na ndoo yake, mzee, basi," mnunuzi alidakia. "Kwani anapitisha gari?"

Bi Mwana hakumtazama. "Kuingia nilishaingia, wanangu, nikiwa bibi harusi. Mimi naomba nafasi ya kutokea."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya nazi. "Marehemu mume wangu walimtoa hapa, jeneza wamelilaza ubavu. Bwana Ratilal alikuwepo."

Nilimtazama Mzee Ratilal, naye alikuwa anatazama ukuta wa stoo yake. Stoo ile ilitokeza kichochoroni upande wa ndani, na baadaye Kirit aliniambia kwamba ilijengwa biashara ilipochangamka, mwaka mmoja kabla mume wa Bi Mwana hajafa. Mzee Ratilal alikuwa ameshika upande wa jeneza siku ile, jirani na jirani, na alikuwa amesaidia kuligeuza pale kwenye kona ya stoo yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia neno. Akaita wabeba mizigo wa dukani kwake, akawaambia wamwage pilipili za Bi Mwana vizuri kwenye mkeka na walete kile kitanda cha kamba. Akaagiza majora ya kitambaa yalazwe juu yake, yafungwe, yawe na uzito. Halafu akawaamuru wanaume wanne wakiweke begani, wawili kila upande, watoke nacho hadi barabarani bila kukiinamisha.

Kitanda hakikupita. Kilikwama kwenye stoo, na mbeba mizigo wa upande ule akabanwa bega. Bi Mwana alisimama mlangoni kwake akitazama, mikono ameikunja chini ya buibui, na uso wake haukuonyesha lolote. Mimi ndiye niliyeshindwa. Niliinamia ubao wangu na kujifanya naandika. Mzee Ratilal alipenya hadi pale walipokwama, akamwambia yule aliyebanwa anyooshe kiwiko chake kama mtu anayetembea kwa nafasi, akaingia stoo akaweka chaki sakafuni mahali ambapo kiwiko kingefika kama ukuta usingekuwepo, ndani kabisa ya stoo, kwa kukisia. Kisha akamwita mwanawe.

"Kata hapa."

"Baba, hiyo ni stoo yote."

"Stoo naiona. Nimeijenga mimi."

Tulirudi ofisini, na Kirit akachora kichochoro upya, safari hii kikiwa na kingo mbili, umbo lililofungwa, eneo. Akalitoa eneo kwenye eneo. Mashine ilifikiri kama kawaida yake, na kiwanja cha baba yake kikarudi kimepungua ubavuni, na kati yake na nyumba ya pili kukawa na ukanda mwembamba uliofika barabarani kutoka kwenye mlango wa Bi Mwana. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti. Bwana Mhina aliibandua ramani ya zamani ukutani na akabandika hii. Mnunuzi alishusha bei, Mzee Ratilal hakubishana, na wiki ile stoo ilivunjwa kwa nyundo, vumbi likaingia hadi kwenye samaki wa nazi. Familia ya Kirit iliondoka miezi michache baadaye kuliko walivyopanga, na ikabidi waanze maisha chini kuliko walivyotegemea. Mzee Ratilal, aliyekuwa mwenye duka maisha yake yote, alikwenda kupanga maboksi kwenye godauni la mtu mwingine. Hayo niliyajua kwa barua za Kirit, ambazo hazikulalamika.

Pale mkahawani, Kirit alipokuwa anaipima ile kachori ya pili kwa macho, aliniuliza habari za Bi Mwana, nami nikamweleza ilivyokuwa. Ghorofa lilijengwa, kichochoro kikabaki, na Bi Mwana aliendelea kupika kwa miaka kadhaa, wateja sasa wakiingia wawili wawili wakipiga soga. Alipoanza kuumwa, binti yake alimchukua Buguruni amuuguze. Alifia huko, nyumbani kwa binti yake, akatolewa kwa geti pana la mabati linaloruhusu hata lori. Nilikuwepo. Tangu kipanuliwe, kichochoro chake hakijawahi kupitisha jeneza lolote. Siku hizi kina geti la chuma, na ndani yake jenereta.

Kirit alisikiliza hadi mwisho. Akafuta vidole, akatoa simu. Baba yake bado yu hai, alisema, yuko kitandani, na kuna jambo moja anaulizia kila wiki tangu alipojua mwanawe anasafiri. Hakuniambia niseme nini. Alipiga simu ya video, akageuza kioo kunielekea, na nikamwona Mzee Ratilal amelazwa juu ya mito, kichwa kimekuwa kidogo, shati jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule binti wa ubao." Alipumua kwanza. "Bi Mwana alitokaje?"

Kirit alikuwa anatazama chai yake.

"Alitoka vizuri, mzee," nikasema. "Jeneza limenyooka, begani, na watu walikuwa wengi."

Hakuniuliza kwa mlango upi. Alifumba macho kwa muda, nikadhani amelala, na mtu aliyekuwa naye akaanza kuichukua simu. Ndipo akayafumbua tena.

"Haya," alisema. "Ilikuwa stoo nzuri, lakini."